Pasaka Kibabi: Yai alilolificha kuku na yai alilolificha mama

Kuku akitetea nyuma ya nyumba asubuhi, mtoto wa Kibabi haulizi kuna nini. Anaacha uji wake, anatoka pekupeku kwenye tope na kuanza kutafuta: chini ya mgomba, kwenye rundo la maganda ya maharage, pembeni mwa ghala, hata mvunguni mwa kitanda. Kuku wa kienyeji hatagi mahali alipotengewa. Huchagua mwenyewe, hunyamaza siku kadhaa, na siku anapojisahau akapiga kelele baada ya kutaga, watoto humgundua.

Ulaya na Marekani, wazazi wengi huamka mapema siku ya Pasaka ili kuwatengenezea watoto wao kazi kama hiyo. Huficha mayai ya kupakwa rangi, au ya chokoleti, kwenye maua, nyuma ya viti na chini ya mito. Watoto hutolewa nje na vikapu, na anayepata mengi hujisifu siku nzima. Katika milima ya Masisi hiyo si michezo ya sikukuu. Ni kazi ya nyumbani kama kuchota maji, na hufanywa mwaka mzima.

Tofauti inakuja baada ya yai kupatikana. Mtoto wa Brussels hula yai lake pale pale. Mtoto wa Kibabi hulipeleka kwa mama, na mara nyingi hapo ndipo wanapoagana.

Kwa hiyo swali la Pasaka katika familia nyingi za huku haliwi jinsi ya kuficha mayai. Swali ni kama yai moja, siku moja katika mwaka, linaweza kutolewa kwenye hesabu za nyumba na kuwa la mtoto.

Hesabu za mama

Kibabi iko katika wilaya ya Masisi, mkoa wa Kivu Kaskazini, upande wa Rubaya. Walio mbali wakisikia majina hayo hufikiria koltani, madini yanayoingia ndani ya simu zao. Anayeishi huko anajua pia maharage, viazi, mahindi, ng'ombe kwenye malisho ya mteremko, na jibini la Masisi linaloshuka hadi Goma. Kuku hawatajwi sana. Ni mali ya wanawake na watoto, na mali ya wanawake na watoto huwa haina waandishi wa habari.

Lakini kuku ndiye benki iliyo karibu kuliko zote. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kumi na kitu, kisha huacha na kuatamia. Kwa mwaka mzima huenda asifikishe 60. Yai likiatamiwa siku 21 hutoa kifaranga. Kifaranga akinusurika mwewe, baridi ya mvua za Aprili na kideri, ule ugonjwa unaoweza kufagia banda zima kwa wiki moja, baada ya miezi kadhaa anakuwa kuku wa kuuzwa. Kuku mmoja ni madaftari, ni dawa ya malaria, ni sabuni na chumvi ya mwezi.

Ukijua hesabu hiyo humlaumu mama anayechukua yai mkononi mwa mwanawe na kuliweka kando. Halili yeye. Analirudisha kwa kuku aatamie, au analipeleka sokoni pamoja na mengine matano. Katika jamii nyingi za ukanda huu ilikuwapo pia miiko ya zamani iliyowazuia watoto au wanawake kula mayai. Miiko hiyo imelegea sana, lakini umaskini umeendelea kuifanya kazi yake bila kuhitaji maelezo.

Watoto nao wana elimu yao ya mayai ambayo haifundishwi darasani. Wanajua kwamba kiota hakikombwi chote. Ukichukua mayai yote, kuku huhama na kwenda kutaga mahali pengine, na utaanza kumtafuta upya. Unaacha moja. Wanajua kulitia yai kwenye maji: likilala chini ni jipya, likisimama limekaa, likielea ni la kutupwa mbali kabla halijapasuka. Yai viza likipasukia mkononi, kijiji kizima hujua ni nani aliyekuwa akitafuta.

Waliorudi bila kuku

Kwa sasa ziko nyumba nyingi ambako elimu hiyo haina kuku wa kuifanyia kazi. Pasaka ya mwaka 2024 iliangukia tarehe 31 Machi. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 30 Aprili, waasi wa M23 waliingia Rubaya. Wakati huo maelfu ya familia za Masisi zilikuwa tayari zimekimbilia pembeni mwa Goma, katika kambi za Bulengo, Lushagala, Rusayo na nyinginezo, ambako mtoto alilala kwenye hema la turubai juu ya mawe ya volkano.

Goma ilipochukuliwa mwishoni mwa Januari 2025, kambi hizo zilivunjwa katika wiki zilizofuata na watu wakaambiwa warudi kwao. Pasaka ya mwaka huo, tarehe 20 Aprili, iliwakuta wengine njiani, wengine kwa ndugu, na wengine mbele ya nyumba ambazo mabati yake yameondolewa. Mtu akikimbia kwa miguu hubeba mtoto, godoro, sufuria na labda mbuzi. Kuku hufungwa miguu wawili watatu, na wengi wao huliwa au kuuzwa kabla ya wiki ya pili. Waliobaki nyuma huishia kwenye sufuria za wenye bunduki, wa upande wowote.

Kuanza upya huwa na kawaida yake. Jirani mwenye kuku humpa aliyerudi mtetea mmoja wa kulea, na vifaranga wakitoka wanagawana. Ndiyo maana katika nyumba kama hiyo yai la kwanza haliliwi kabisa, na ukimwambia mama wa nyumba hiyo alifiche kwenye majani ili watoto wacheze, atakutazama kama mtu aliyepotea njia.

Mayai yalirundikana huko

Mchezo wa wenzetu ulianza, kwa kiasi fulani, kwa sababu ya mayai kuzidi. Katika Ulaya ya zamani Wakristo walikatazwa kula nyama na mayai wakati wa Kwaresima. Kuku hawajui Kwaresima, wakaendelea kutaga. Ikifika Pasaka nyumba zilikuwa na mayai ya siku 40, mengine yamechemshwa ili yasiharibike, na ilikuwa lazima yaliwe haraka. Yakapakwa rangi, yakabarikiwa kanisani, yakagawiwa watoto na maskini.

Wakristo wa Mashariki waliyapaka rangi nyekundu, kwa kukumbuka damu ya Kristo, na ganda likafananishwa na kaburi lililofungwa. Wagiriki hadi leo hugonganisha mayai yao mekundu, na mwenye yai lisilopasuka ndiye mshindi. Wajerumani waliwaambia watoto kwamba sungura ndiye anayeleta mayai na kuyaficha. Daktari mmoja wa huko, Georg Franck von Franckenau, aliandika habari za desturi hiyo mwaka 1682. Wahamiaji wa Kijerumani waliivusha hadi Marekani, na mwaka 1878 Rais Rutherford B. Hayes alifungua uwanja wa ikulu yake ili watoto wabingirishe mayai kwenye nyasi, baada ya Bunge kuwafukuza kwenye nyasi zake.

Ubelgiji, nchi iliyotawala Kongo hadi mwaka 1960, ina hadithi yake. Kengele za makanisa ya Kikatoliki hunyamaza tangu Alhamisi Kuu. Watoto wa huko, kama wa Ufaransa, huambiwa kwamba zimesafiri kwenda Roma, na zinaporudi kwa ajili ya Pasaka hudondosha mayai bustanini. Wamisionari walituletea misa, kengele, shule na Kifaransa. Hadithi ya kengele zinazodondosha mayai haikushika mizizi huku, na si ajabu: katika nchi ambako yai ni akiba, nani angeamini kwamba linaanguka kutoka mbinguni?

Kwa chokoleti mambo ni ya kuchekesha zaidi, ukitaka kucheka. Kakao hulimwa Beni, katika mkoa wetu huu huu wa Kivu Kaskazini, na sehemu kubwa huondoka ikiwa punje kavu kwenye magunia. Mtoto wa Kibabi anaweza kumaliza shule ya msingi bila kuonja yai la chokoleti, ilhali mkoa wake unalima kinachoitengeneza.

Majani yanaficha vingine

Likizo ya Pasaka huwakusanya watoto nyumbani kwa siku nyingi mfululizo, na Aprili ni mwezi wa mvua. Ukungu hukaa mlimani hadi saa nne za asubuhi, na alasiri huja ngurumo. Mtoto asiye na la kufanya ndani hutafuta la kufanya nje, na nje ya Masisi ya leo si ile ya zamani.

Kuna machimbo, kwanza. Likizo ndiyo inayowavuta wavulana, na wasichana pia, kwenda kuosha au kubeba mchanga wa madini kwa pesa ya biskuti, na kuta za mashimo hayo huporomoka hasa wakati wa mvua. Kisha kuna mabaki ya vita. Sehemu kama Mushaki na Sake zimepiganiwa tangu mwaka 2023, na mapigano yamepita katika vilima vingi ambavyo havikutajwa redioni. Yanapopita huacha mabomu ambayo hayakulipuka, maguruneti na risasi, vikiwa vimelala kwenye majani marefu, kwenye mitaro, na ndani ya nyumba zilizokuwa tupu.

Guruneti lina umbo ambalo mtoto anaweza kulifananisha na yai, au na embe bichi. Mtoto aliyefundishwa tangu utotoni kupekua vichaka na kuokota kitu cha duara kilichojificha, anafanya vizuri kabisa kile anachotakiwa asikifanye. Sijui kama wazazi wengi wameliona jambo hilo kwa namna hii, lakini linastahili kusemwa kabla ya likizo, si baada ya mlipuko.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kutafuta mayai katika eneo lililopitiwa na vita ni kwamba yafichwe ndani ya nyumba au ndani ya ua unaofagiliwa kila siku, mahali ambapo mtu mzima amepakanyaga mwenyewe. Mtoto aonyeshwe mpaka: kutoka jikoni hadi mgomba wa kwanza, basi. Kuku akitagia nje ya mpaka huo, atamfuata mtu mzima anayelijua shamba hilo. Na mtoto akiona chuma asichokijua, asikiguse, asikirushie jiwe, asikichome moto. Arudi kwa njia ile ile aliyojia na amwite mkubwa, naye mkubwa akizuie kisikaribiwe na mtu hadi wenye ujuzi wa mabomu wafike. Watoto wadogo husahau maneno, hivyo mchezo wenyewe ndio wa kuwazoeza: atakayevuka mpaka anatoka mchezoni.

Mchezo wa mayai mawili

Hauhitaji mayai 30. Nyumba yenye watoto watano na mayai mawili inaweza kucheza asubuhi nzima, kwa sababu utamu uko katika kutafuta. Yai moja hufichwa, mtoto mmoja hutafuta, na wengine hupiga makofi: polepole akiwa mbali, haraka akikaribia, na kelele tupu mkono wake ukifika karibu na chungu. Likipatikana, aliyelipata ndiye anayeficha. Mdogo kuliko wote aanze, la sivyo wakubwa watamaliza mchezo yeye bado analia.

Njia nyingine ni ya vitendawili. Mama au kaka mkubwa anatega, na anayetegua anapewa dokezo moja la mahali. Cha kuanzia kinajulikana na kila mtu: Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Ni yai. Baada ya hapo kila familia inavyo vyake, vya Kiswahili, vya Kihunde, vya Kinyarwanda, na mzee aliyekaa kando ya moto akisikia watoto wanatega atajiingiza bila kualikwa. Katika wilaya ambako lugha ya mtu imetumika kumwuliza ni wa upande gani, mimi naona si jambo dogo watoto wa ua mmoja wakitegana kwa lugha mbili na kucheka pamoja.

Pasipo na yai hata moja, viazi vidogo vya duara vinafaa, au mbegu za parachichi, au udongo wa mfinyanzi ambao watoto wameufinyanga wenyewe jana yake na kuuanika karibu na jiko. Kufinyanga ndiko kunakochukua muda, na hilo ndilo mzazi analolitaka siku ya mvua.

Kwa wenye mayai, rangi haihitaji duka. Maganda makavu ya vitunguu, konzi mbili, yakichemshwa na mayai hutoa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Manjano ya unga hutoa njano, na majani ya chai hutoa kahawia hafifu. Watoto wanapenda zaidi hila hii: jani dogo, kama la karoti, hulowanishwa na kubandikwa kwenye ganda, yai likafungwa kwa kitambaa chepesi na kuchemshwa kwenye maji ya vitunguu. Ukifungua, jani limeacha picha yake nyeupe. Kwenye kimo cha mita 2000 maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 93 hivi badala ya 100, kwa hiyo yai huchelewa kuiva; dakika 12 tangu maji yaanze kuchemka zinatosha. Yai lililochemshwa lisikae nje mchana kutwa. Lifichwe asubuhi, lipatikane, liliwe.

Kama mama anataka ganda libaki kama pambo na yai lipikwe, yai hooshwa, hutobolewa kwa sindano juu na chini, na kilichomo hupulizwa kwenye bakuli kisha kukaangwa hadi kiive kabisa. Ganda tupu hutundikwa kwa uzi mlangoni. Kwa nyumba yenye yai moja tu, hapo limefanya kazi mbili.

Trei la mayai, likipatikana, nalo lisitupwe. Watoto hulitumia kuchezea kisolo, mchezo ambao wengine huuita igisoro, kwa punge za maharage. Wajuzi watalalamika kwamba mchezo kamili una mashimo 32 na trei lina 30, na watoto watajibu kwa kuchimba mengine mawili chini.

Anayelila ni nani

Linabaki lile suala la nani anakula. Yai moja lina karibu gramu 6 za protini, pamoja na madini na vitamini ambazo uji mtupu wa mahindi au muhogo hauna. Katika nchi yetu zaidi ya watoto 4 kati ya 10 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara.

Nchini Ecuador, watafiti waliwapa watoto wa miezi 6 hadi 9 yai moja kila siku kwa miezi 6, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2017 udumavu ulikuwa umepungua kwa asilimia 47 ukilinganisha na watoto ambao hawakupewa. Utafiti wa aina hiyo hiyo uliofanyika Malawi haukuona mabadiliko kama hayo. Watoto wa huko tayari walikuwa wakila samaki. Mtoto wa Minova, kando ya Ziwa Kivu, anaweza kulinganishwa na wa Malawi kwa sababu ya sambaza. Mtoto wa Kibabi anayeshinda na viazi na maharage yuko karibu zaidi na yule wa Ecuador.

Yai la Pasaka peke yake halimrefushi mtu. Lakini mama aliyeona mara moja kwamba kuku bado anataga ingawa yai moja limeliwa, anaweza kulitoa la pili wiki inayofuata, kwa yule mdogo anayeanza kula. Zipo nyumba zinazofanya hivi: kuku akitaga 12, 8 anaatamia, 3 yanauzwa, 1 linaliwa na mtoto aliyekuwa mgonjwa. Ni mpango mzuri kuliko ushauri mwingi unaobandikwa kwenye kuta za vituo vya afya, kwa sababu umeanza na idadi ya mayai yaliyopo.

Siku yenyewe ya Pasaka, watu hurudi kanisani mchana, Wakatoliki, Wabaptisti wa CBCA na wengine, watoto wakiwa na nguo zilizofuliwa na viatu vilivyobebwa mkononi hadi karibu na mlango wa kanisa. Kuna wali kama umepatikana, na mahali pengine kuku ambaye wiki iliyopita alikuwa akitafutwa mayai yake. Yule aliyepata yai asubuhi ameshalila, isipokuwa kipande alichomegea mdogo wake baada ya mabishano marefu kuhusu kiini. Nyuma ya nyumba mtetea mwingine ananyamaza tangu juzi. Watoto wamekwishajua anakolala, na yai moja wameliacha humo.